Kuishi Na Mkanda Wa Tumbo Baada Ya Upasuaji Wa Kupunguza Uzito: Chakula, Swawm Na Swalah



Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Visiwani kwetu zipo familia ambazo jamaa yao aliyekuwa akiishi Oman, Imarati au Uingereza amerudi nyumbani akiwa na mkanda wa tumbo. Mara nyingi huwa ni siri. Watu wa nyumbani wanaona tu kwamba anakula kidogo, anainuka kwenye sinia mapema, na mara nyingine anakimbilia chooni kutapika. Siri hiyo inaweza kumdhuru, kwa sababu mwenye mkanda anahitaji msaada wa anaoishi nao. Haya ndiyo wanayopaswa kuyajua yeye na familia yake.

Mkanda Wa Tumbo Ni Nini?

Ni pete laini ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, hivyo juu yake hubaki kifuko kidogo. Chakula kichache kikiingia hapo, mtu huhisi ameshiba. Mfuko haukatwi wala utumbo hauunganishwi upya. Ndani ya pete kuna mpira unaojazwa maji ya chumvi ya hospitali, na mrija mwembamba unaiunganisha na kidude kidogo kilichofichwa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari hudunga sindano kwenye kidude hicho ili aongeze maji mkanda ubane, au ayapunguze mkanda ulegee.

Daktari aliyekuwa wa mwanzo kuuweka mkanda huu kwa njia ya matundu madogo, bila kupasua tumbo zima, ni Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyefanya kazi Ubelgiji. Ilikuwa mwaka 1993. Marekani iliuruhusu mwaka 2001, ukaenea sana. Siku hizi madaktari wengi wanapendelea upasuaji wa kupunguza mfuko wenyewe, kwa hiyo wanaowekewa mkanda wamepungua, lakini waliowekewa zamani bado wapo na wanahitaji kuangaliwa.

Hukmu Ya Upasuaji Huu

'Ulamaa wengi wanatofautisha kati ya tiba na kujipamba. Aliyenenepa mpaka unene umekuwa maradhi, au umemletea kisukari, presha au maumivu ya magoti, na njia nyepesi zimeshindwa, anaruhusiwa kujitibu kwa upasuaji iwapo madaktari waaminifu wanaona faida yake ni kubwa kuliko madhara. Anayetaka umbo la kupendeza tu hana dharura hiyo, na haifai ajitie hatarini.

Wakati wa kurekebishwa mkanda, mgonjwa afunue sehemu inayohitajika tu, na mwanamke atafute daktari wa kike akipatikana.

Chakula Cha Kila Siku

Baada ya upasuaji mgonjwa huanza na vinywaji vyepesi, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini. Kwa kawaida hurudi kwenye chakula cha kawaida baada ya wiki 6 hivi, na mara nyingi huo ndio wakati mkanda unapojazwa kwa mara ya kwanza. Kila hospitali ina ratiba yake, na mgonjwa afuate ile aliyopewa. Baada ya hapo:

1. Ale matonge madogo, atafune mpaka chakula kiwe laini kama uji, na asile kwa haraka.

2. Aanze na kitoweo: samaki, mayai, kuku laini, choroko au dengu. Kisha mboga. Wali na mkate viwe mwisho.

3. Anapohisi kutosheka, aache. Tonge moja la ziada linaweza kurudisha yote.

4. Asinywe maji pamoja na chakula. Anywe kabla, kisha asubiri kiasi cha nusu saa baada ya kula.

5. Ajihadhari na vinavyokwama: mkate mpya, chapati, wali unaoshikana, nyama ngumu, pweza asiyelainika, na nyuzi za embe na chungwa.

6. Juisi ya miwa, soda, chai ya sukari nyingi na halua hupita kwenye mkanda bila kizuizi. Wapo walioishi na mkanda kwa miaka na uzito haukushuka kwa sababu ya vitu hivi tu.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Mwenye mkanda anaitekeleza adabu hii kwa kutenganisha nyakati za kula na za kunywa, na hakuna anayepaswa kumcheka.

Dawa

Vidonge vikubwa vinaweza kukwama. Aulize kama dawa ipo ya maji, au kama kidonge kinaweza kusagwa, kwani vile vinavyofanya kazi taratibu mwilini havisagwi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuumiza mfuko wa chakula, basi asizinywe bila ya ushauri wa daktari. Uzito ukishuka, dozi za kisukari na presha hupimwa upya. Vitamini huhitajika kwa sababu chakula ni kidogo, na vikiwa vya ganda la jelatini atafute vya halali.

Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji hushauriwa asubiri kiasi cha mwaka mmoja au mmoja na nusu kabla ya kushika mimba. Akishika, amwambie daktari mapema, kwani huenda mkanda ukahitaji kulegezwa, hasa akitapika sana.

Swawm Ya Ramadhwaan

Katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji mgonjwa asifunge. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Suwrat Al-Baqarah, Aayah ya 184 na 185. Ruhusa hiyo ni rehma, na si udhaifu wa iymaan kuipokea.

Aliyekwishapona na anayeweza kunywa maji ya kutosha usiku, wengi hufunga bila tatizo. Amwone daktari kabla ya Ramadhwaan, hasa akiwa anatumia insulini au vidonge vya kisukari. Sunnah ya kufuturu inamfaa sana: tende moja aliyoitafuna vizuri na maji kidogo kidogo, kisha Swalah ya Maghrib, kisha chakula. Hapo anakuwa ameshatenganisha maji na chakula. Muhogo wa nazi, boko-boko na samaki ale kidogo, na kaimati azipishe. Baada ya chakula kutulia, anywe maji kwa mafunda madogo mpaka wakati wa daku. Akila daku, asilale hapo hapo. Akae wima, aswali Alfajiri, asome Qur-aan, kwani kulala mara tu baada ya kula hurudisha chakula kooni.

Chakula kikirudi mchana bila ya kutaka kwake, Swawm yake ni sahihi. Kilichofika mdomoni akiteme, na akikimeza kwa makusudi hali anaweza kukitema, Swawm imebatilika. Aliyejitapisha kwa makusudi atailipa siku hiyo. Ikiwa amelazimika kwa sababu chakula kimekwama na anateseka, huyo ni mgonjwa: hana dhambi, lakini atalipa.

Ama kurekebishwa mkanda mchana wa Ramadhwaan, maji yanayodungwa hukaa ndani ya mpira uliofungwa na hayaingii tumboni, wala si lishe. Kwa msingi wa wanachuoni wanaosema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, jambo hilo halibatilishi Swawm. Lakini kawaida daktari humpa mgonjwa maji anywe ili aone kama yanapita, na kunywa huko kunafunguza. Bora miadi iwe usiku au kabla ya Ramadhwaan.

Ambaye madaktari wamemwambia hataweza kufunga tena, atalisha maskini kwa kila siku, kibaba kimoja cha chakula cha mji wake. Anayetarajia kupona hatoi fidia badala ya Swawm, bali atalipa.

Swalah Na Twahara

Katika madhehebu ya Imaam ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani, kutapika hakutengui wudhuu, lakini matapishi ni najisi: asukutue mdomo na aoshe nguo iliyopatwa. Wapo wanachuoni wa madhehebu mengine wanaoona kunatengua, na kutawadha upya ni kujitoa kwenye khitilafu. Anayeumia kidonda akirukuu na kusujudu, aashirie kwa kadiri ya uwezo wake mpaka apone.

Dalili Za Hatari

Afikishwe hospitali haraka ikiwa:

- hawezi kumeza hata mate, au maji hayapiti;
- anatapika mfululizo;
- ana maumivu makali ya tumbo au kifua;
- anatapika damu au anapata choo cheusi;
- ngozi juu ya kidude imekuwa nyekundu, ya moto au inatoa usaha.

Kikohozi cha usiku na kiungulia kisichoisha navyo visidharauliwe, kwani mkanda unaweza kuwa umeteleza au umebana kupita kiasi. Kwa kawaida msaada wa kwanza ni kutoa maji ndani ya mkanda. Kazi hiyo ina sindano yake maalumu, kwa sababu sindano ya kawaida huharibu kidude, na si kila hospitali inayo. Kwa hiyo mwenye mkanda awe na karatasi inayoeleza aina ya mkanda, kiasi cha maji yaliyomo na mahali kidude kilipo. Mwenza wake na mtu mwengine mmoja nyumbani wajue karatasi hiyo ilipo. Anayeishi Pemba au kisiwa kidogo ajue mapema ni hospitali gani, hata kama ni ng'ambo ya bahari, yenye daktari wa kazi hii, badala ya kuanza kumtafuta usiku wa maradhi.

Wajibu Wa Familia

Ukarimu wetu ni kumsisitiza mgeni ale. Kwa mwenye mkanda msisitizo huo ni mateso. Mpakulieni kidogo katika sahani yake, mpeni muda, na akisema ametosheka mwaminini. Walimani asitangaziwe siri yake, na asiitwe mwenye maringo. Akitapika, asikaripiwe.

Naye ajue kwamba mkanda ni msaada na si muujiza. Wengi huja kutolewa baada ya miaka, na ukitolewa uzito hurudi kwa urahisi kama mazoea ya kula hayakubadilika. Mwili ni amana. Afanye sababu, ahudhurie miadi yake, na amtegemee Allaah.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Awaponye wagonjwa wetu. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.