Mambo Msiige: Nyumba ya Kale na Hoteli Mpya

Katika mtaa wa Shangani, pale Mji Mkongwe wa Unguja unapojitokeza baharini kama omo ya jahazi, ipo nyumba ambayo jina lake lenyewe ni onyo. Wenyeji huiita Mambo Msiige. Masimulizi ya mji yasema kwamba tajiri wa Kiarabu aliyeijenga katikati ya karne ya 19 hakujali gharama. Yasemekana kwamba mayai kwa maelfu yalivunjwa na kuchanganywa katika chokaa ili kuta zipate nguvu. Kazi ilipokwisha, majirani walipewa ujumbe kwa jina la nyumba: mambo haya yatazameni, lakini msiyaige. Leo nyumba hiyo ni sehemu ya hoteli ya kimataifa iliyofunguliwa mwaka 2015. Safari yake kutoka kasri ya tajiri hadi malazi ya watalii inastahili kutazamwa kwa makini na kila nchi jirani yenye majengo ya kale, hasa nchi ambayo pia ina haja ya fedha za kigeni.

Ikumbukwe kwanza utajiri ule ulitoka wapi. Seyyid Said alipoufanya Unguja kuwa makao yake, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kisiwa kiligeuka kuwa soko kubwa la karafuu, pembe za ndovu na binadamu. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema. Iliporudi pwani ilirudi na pembe, na pengine baadhi ya walioibeba pembe hiyo waliuzwa pamoja nayo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini nyumba zilizojengwa kwa faida yake zilibaki. Kwa hiyo mtu wa Burundi, wa Kongo, wa Malawi au wa Tanzania Bara atazamapo kuta zile nene zilizopakwa chokaa nyeupe, hatazami mali ya wageni. Anatazama jasho la mababu zake lililogeuzwa jiwe. Urithi wa Mji Mkongwe ni wa Wazanzibari kwa kuulinda, lakini ni wa Afrika Mashariki na Kati yote kwa asili yake.

Baada ya mjenzi wake, Mambo Msiige ilipita katika mikono mingi. Wamisionari wa Kiingereza waliitumia, kisha ikawa makao ya ubalozi wa Uingereza, kisha hospitali ya Wazungu, na mwishowe ofisi za serikali. Nyumba nyingine za Shangani zina historia kama hiyo. Klabu ya Waingereza, ambamo Mwafrika aliingia kama mtumishi tu, baadaye iliitwa Africa House na leo ni hoteli. Jengo la simu za nje, linalokumbusha waya wa baharini uliouunganisha Unguja na Aden mwaka 1879, nalo limekuwa hoteli. Ni dhahiri basi kwamba nyumba ya kale kubadilishiwa kazi si jambo geni wala si kosa. Nyumba isiyo na kazi hufa haraka kuliko ile yenye kazi mpya. Swali lililo muhimu ni la namna: mabadiliko yenyewe hufanywaje, na nani hufaidika nayo.

Kufuatia Mapinduzi ya Januari 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa na serikali, na familia zilizokuwa zikiishi katika vibanda vya Ng'ambo na mashamba zilipewa vyumba humo. Hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa ina masharti yake. Paa lake halina budi kukaguliwa kila mwaka kabla ya masika. Maji yakipenya, hushuka hadi kwenye boriti za mikoko zilizobeba dari, nazo huoza upande wa ndani ya ukuta ambako jicho halifiki. Wapangaji waliolipa kodi ndogo hawakuwa na uwezo wa kutengeneza, na serikali iliyokuwa ikijenga shule, hospitali na majumba mapya ya ghorofa ya Michenzani haikuwa na fedha za kutosha kwa kazi hiyo. Nyumba moja baada ya nyingine ilianza kuanguka. Ndipo mwaka 1985 ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, mwaka 1994 ukatolewa mpango wa hifadhi ulioandaliwa kwa msaada wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu ulionekana upesi. Mwaka 1997 ilifunguliwa hoteli ya Serena katika majengo mawili ya kale ya Shangani: lile la simu za nje na lile lililokuwa makazi ya madaktari wa Kichina. Ulikuwa ushahidi kwamba nyumba ya kale inaweza kumlaza mgeni wa leo bila kuvuliwa sura yake. Kadhalika bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na hadi leo mwananchi wa kawaida hukaa hapo jioni, akanunua muhogo na mishikaki na kutazama bahari bila kulipa kiingilio.

Habari ya Mambo Msiige ilikuwa ngumu zaidi. Nyumba yenyewe ilikuwa katika daraja la juu la majengo yaliyoorodheshwa kulindwa. Mwekezaji alipopewa nafasi ya kuigeuza hoteli, hesabu ya biashara ilionyesha kwamba vyumba vya nyumba moja ya kale havitoshi, na jengo jipya likainuliwa kando yake, katika uwanja wa wazi ulioelekea pwani. Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi wake mara kadhaa juu ya ukubwa wa jengo hilo na mahali lilipowekwa, na juu ya kazi kuendelea kabla athari zake hazijachunguzwa ipasavyo. Hata hivyo jengo lilikamilika.

Haki inataka pande zote mbili zisikilizwe. Waliotetea mradi walisema kwamba nyumba ya kale imetengenezwa na imesalimika, kwamba vijana wamepata ajira na hazina imepata kodi, na kwamba bila mwekezaji nyumba ile ingeweza kuanguka kama nyingine zilivyoanguka. Hoja hizo si za kupuuzwa na mtu yeyote aliyewahi kuona ukuta wa orofa tatu ukilala barabarani baada ya mvua ya usiku mmoja. Lakini waliopinga nao walikuwa na neno. Walisema kwamba mji wa kale si nyumba moja moja. Mji ni nyumba pamoja na uwazi ulio baina yake. Mwambao unaoonekana kutoka baharini, uwanja ambamo watoto hucheza mpira wakati wa maji kupwa, njia nyembamba iendayo pwani: vyote hivyo ni urithi, ingawa havina mlango uliochongwa. Nyumba ikiokolewa na uwanja wake ukapotea, kilichookolewa ni nusu ya urithi.

Ubishi huo si wa maneno matupu. Orodha ya Urithi wa Dunia si cheti cha kudumu. Dresden, mji wa Ujerumani, uliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2009 kwa sababu ya daraja jipya lililojengwa katika bonde lake. Liverpool ya Uingereza ikaondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya kwenye bandari yake ya kale. Ikiwa miji ya nchi tajiri, yenye wanasheria na wataalamu wengi, imeweza kupoteza heshima hiyo, miji ya nchi maskini haina budi kuwa macho zaidi. Na hasara yenyewe haiishii katika heshima. Mtalii haji Unguja kwa ajili ya kitanda. Vitanda viko kila mahali. Huja kwa ajili ya mji. Hoteli inayouharibu mji inakata tawi ililokalia.

Upande wa pili wa mizani uko msiba uliotokea tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, kasri iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya kuitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo halikuwa hoteli. Lilikuwa mali ya umma na makumbusho. Dalili za hatari zilikuwa zimekwisha kuonekana, kwa maana sehemu yake nyingine ilianguka mwaka 2012 na makumbusho yakafungwa. Funzo lake ni chungu. Mwekezaji mwenye haraka aweza kuudhuru urithi, lakini uchelewaji nao huubomoa. Anayesema "tusiguse kitu" hana budi kueleza ni nani atakayeziba paa kabla ya masika.

Kati ya hatari hizo mbili iko njia, nayo haihitaji miujiza. Jambo la kwanza ni kwamba masharti yatangulie mkataba. Kabla mwekezaji hajatia saini, ajulishwe kwa maandishi kimo kisichoruhusiwa kupitwa, uwazi usioruhusiwa kujengwa, na kuta zisizoruhusiwa kuguswa. Sharti linaloletwa baada ya msingi kumwagwa huwa ni ombi tu, na ombi halina nguvu mbele ya mkopo wa benki unaodai riba.

Jambo la pili ni ufundi. Hoteli huleta mabafu, mabirika ya maji juu ya paa, mashine za kupoza hewa na majenereta, na vyote hivyo hutegemea ukuta uliojengwa kwa mzigo mwepesi. Chumba cha kale kina upana wa mita 3 hivi kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kuubeba bila kupinda. Atakaye ukumbi mpana kwa kuvunja ukuta wa kati hajapanua chumba; ameiondolea nyumba uti wa mgongo. Saruji nayo, ambayo wengi huiona kuwa dawa, ni adui wa nyumba hizi. Chokaa hupumua na kuuachia unyevu utoke, lakini saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na jiwe likaliwa kimyakimya. Kwa hiyo fundi wa chokaa na mchonga milango ni urithi sawa na nyumba zenyewe. Mradi wowote mkubwa yafaa ulazimishwe kufundisha vijana kazi hizo, kwani mafundi wakiisha hakuna mkataba utakaowarudisha.

Jambo la tatu ni wakazi. Mji usio na watu wake ni makumbusho yenye maduka ya vinyago. Kodi ikipanda hadi familia zikahamia nje, baraza zikabaki bila wazee na vyuo vya Qurani bila watoto, mgeni atakuta kuta nzuri zisizo na sauti. Sehemu ya mapato ya hoteli ielekezwe katika kutengeneza nyumba za majirani wasio na uwezo, ili faida ya mji irudi mjini.

Funzo hili haliihusu Zanzibar peke yake. Kisiwa cha Msumbiji kiko katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1991, na Lamu tangu mwaka 2001, na kote huko maswali ni yaleyale. Nchi za bara nazo zina vituo vya reli, majumba ya watawala wa kikoloni na hoteli za zamani, majengo ambayo wengi hupenda kuyavunja kwa sababu yanakumbusha unyonge. Lakini taifa halijikomboi kwa kufuta ushahidi. Klabu ambayo Mwafrika alikatazwa kuketi barazani mwake hufundisha zaidi ikisimama, mradi mgeni anayelala humo leo aelezwe ukweli wote: nani alijenga, nani alibeba mawe, na fedha zilitoka wapi. Hoteli itajayo masultani na mabalozi katika picha zake za ukutani, ikawasahau wapagazi na watumwa, imehifadhi chokaa na kutupa historia.

Tajiri wa Shangani aliwaambia majirani zake wasiige. Nchi jirani za leo zina ruhusa ya kuchagua. Uimara wa kuta zake na bidii ya mafundi wake ni mambo ya kuigwa. Haraka ya kujenga kwanza na kuuliza baadaye, hiyo ndiyo inayostahili jina lile la kale.