Kabla ya kanga kulikuwa na leso sita na mshono

Pale Kinole, milimani Uluguru, ukinunua doti mpya ya kanga kituo kinachofuata ni kwa fundi cherehani. Anaikata katikati, anakunja ncha, anapiga mshono, kazi imeisha. Kumbe kanga yenyewe ilizaliwa na mshono, tena mgumu kuliko huo.

Turudi Zanzibar na Mombasa, karne ya 19. Madukani ziliuzwa leso, vitambaa vya mraba vyenye nakshi, jina lenyewe limetoka kwa Wareno. Zilikuja zimeungana kwenye jora, muuzaji anakukatia. Inavyosimuliwa Pwani, akina mama wajanja waliacha kununua moja moja. Walichukua sita kwa mpigo, wakakata katikati wakapata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunga kwa urefu. Tatu juu, tatu chini. Vazi hilo!

Sasa hapo kwenye kuunga ndipo penye kazi. Kipande cha juu kikisogea kidogo tu, mistari haikutani, na mshono wenyewe umepita katikati ya vazi, utauficha wapi? Wengine walichanganya leso za aina tofauti ili wasifanane na mtu, na hao ndio walijitakia balaa. Leso sita zilizoachana zinataka mishono mitano: miwili kila safu, halafu ule mrefu. Safu moja ukiacha sentimita 1 kila upande wa mshono, inapungua 4. Safu ya pili ukijisahau ukaacha 1.5, inapungua 6. Ukija kuziunga, moja imeipita mwenzake sentimita 2 na maua yamepishana. Dawa ni moja, kuacha upana uleule toka mwanzo hadi mwisho. Basi.

Wenye maduka waliona mtindo umeshika, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, bila kuunga. Mwaka 1887 pale Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara iliyokuja kujulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Jina lake linasomeka kwenye kanga hadi leo. Ya wale akina mama walioshika sindano hayajaandikwa popote, ingawa wazo lilikuwa lao na macho yaliumia yao.

Mombasa, mpaka kesho, kanga wanaiita leso.