Kutoka Mafunjo ya Misri hadi Alama za Glasgow

Mwaka 1862, mjini Luxor, Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua mafunjo yaliyoandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo. Yanaeleza wagonjwa 48 waliojeruhiwa, na mwandishi wake ameanzia kichwani: 27 kati yao wameumia kichwa. Mganga amepapasa fuvu lililopasuka, ameona mgonjwa asiyeweza kusema, kisha kwa kila mmoja ametoa hukumu yake: huyu nitamtibu, huyu nitapambana naye, huyu hatibiki. Hukumu hiyo ya tatu ndiyo iliyowasumbua waganga kwa karne nyingi zilizofuata, maana kumwambia mzazi kwamba mwanawe hatibiki kunadai uhakika ambao hakuna aliyekuwa nao.

Mikono haikukosekana. Huko Kisii, magharibi mwa Kenya, mafundi waitwao omobari walikwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kuachwa na maumivu yasiyokwisha. Kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20, na wengi wa waliokwanguliwa waliinuka wakaenda zao. Lakini mtu aliyelala miezi bila fahamu ni habari nyingine, naye hakuwapo kwa wingi mpaka injini ilipokuja.

Mei 1935, T. E. Lawrence, mwanajeshi mashuhuri wa Uingereza, alianguka na pikipiki yake, akakaa siku sita bila kuzinduka, akafa. Miongoni mwa waliomhudumia alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo hicho hakikumtoka Cairns moyoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alichunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba helmeti huokoa maisha. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka ujumbe wake kuivaa; raia wa kawaida walisubiri sheria hiyo hadi 1973. Wanaobishana leo na abiria wa bodaboda wasiotaka helmeti wana deni kwa mtu huyo.

Helmeti, hata hivyo, haimsaidii aliyekwisha kuanguka. Miaka ya 1960 mashine za kupumulia zilimweka hai mgonjwa ambaye zamani angekufa usiku uleule, na hapo swali la mafunjo likarudi likiwa kali zaidi. Bryan Jennett, profesa wa upasuaji wa ubongo huko Glasgow, aliona kwamba madaktari hawawezi hata kulijadili. Mmoja aliandika kwamba mgonjwa amezubaa, mwingine kwamba yuko nusu koma, na hakuna aliyejua kama wanasema jambo moja. Utalinganishaje tiba ya Glasgow na ya Los Angeles kwa maneno ya namna hiyo?

Mwaka 1974, yeye na Graham Teasdale walichapisha katika jarida la The Lancet kipimo ambacho kwa mtazamo wangu kinazidi kisu chochote kilichobuniwa kwa ajili ya kichwa. Kilidai vitu vitatu tu, vyote vya kuonekana na kusikika. Je, mgonjwa anafumbua macho mwenyewe, au kwa kuitwa, au kwa kuumizwa, au hafumbui kabisa? Akijibu, anajua alipo, au anachanganya mambo, au anatoa sauti zisizo maneno? Akiambiwa anyanyue mkono ananyanyua, na akifinywa anaufuata mkono unaomfinya au anakunja tu viungo? Katika hesabu inayotumika leo, macho yana alama 4, maneno 5, viungo 6. Mzima ana 15. Aliye chini kabisa ana 3, na jeraha la mwenye 8 au pungufu huitwa kali. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kukitumia bila mashine yoyote, na alama zikishuka kutoka 13 hadi 9 anajua kumwamsha daktari.

Mwaka mmoja baadaye Jennett alishirikiana na Michael Bond kutengeneza kipimo cha pili, cha hali ya mgonjwa miezi kadhaa baada ya ajali. Sasa mwanzo na mwisho vilipimika, na mazoea ya madaktari yakaweza kushtakiwa.

Yalishtakiwa kweli. Kwa zaidi ya miaka 30 waliojeruhiwa kichwa walidungwa steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo, na tiba hiyo ilionekana ya busara. Mwaka 1999 utafiti wa CRASH ulianza kuipima kwa wagonjwa wenye alama 14 au chini. Wagonjwa 10,008 wa nchi nyingi waligawanywa kwa bahati nasibu. Ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Mwaka 2004 utafiti ukasimamishwa. Hakuna macho ya daktari yangeiona tofauti hiyo wodini, kwa kuwa waliokufa walikuwa mahututi na kila kifo kilikuwa na maelezo yake.

Mwaka 2019 utafiti uliofuata wa CRASH-3 ulileta habari njema kiasi: asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isivuje, ilipunguza vifo vitokanavyo na jeraha lenyewe kwa wenye majeraha madogo na ya kati, hasa ikitolewa mapema ndani ya saa tatu. Kwa wenye alama 3 hadi 8 faida haikuonekana wazi.