Mfungwa aliyeuliza: mhalifu anatengenezwaje?

Machi 1914, jijini New York, baridi ilikuwa kali na watu wasio na kazi walikuwa wengi mno. Kijana wa miaka 21, Frank Tannenbaum, mhamiaji aliyezaliwa katika milki ya Austria na aliyekuwa akihudumu mezani kwenye migahawa, alianza kuwaongoza wenzake usiku kwenda makanisani kudai chakula na mahali pa kulala. Baadhi ya makanisa yaliwapokea. Walipofika kanisa la St. Alphonsus wakakataliwa, polisi wakaitwa, na watu karibu 190 wakakamatwa. Tannenbaum alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 500, akapelekwa gereza la Blackwell's Island.

Kwa nini tuanze na huyu? Kwa sababu miaka 24 baadaye, 1938, mtu huyohuyo, sasa akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha kitabu kiitwacho Crime and the Community. Humo kuna kurasa chache ambazo wanasosholojia hawajaacha kubishana nazo mpaka leo.

Hoja yake ni hii. Watoto wa mtaani wanavunja kioo cha dirisha, wanapanda mapaa, wanachomoa tunda sokoni na kutimua mbio. Kwao huo ni mchezo. Kwa mwenye duka na mwenye nyumba ni uharibifu. Mpaka hapo ugomvi ni juu ya kitendo tu. Lakini taratibu maneno yanabadilika: badala ya kusema "ulichofanya ni kibaya", watu wazima wanaanza kusema "wewe ni mbaya". Mtoto anapelekwa polisi, anasimamishwa mahakamani, anafungiwa na wenzake walioitwa hivyohivyo. Sasa kila mtu anamwangalia kwa jicho lile, naye anaanza kujiangalia kwa jicho lilelile. Tannenbaum akasema waziwazi kwamba namna ya kumtengeneza mhalifu ni hiyohiyo: kumtenga, kumtaja, kumkumbusha kila siku yeye ni nani.

Waswahili tuna msemo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tannenbaum hangekataa, ila angeuliza: nani hasa anamlea? Mama peke yake, au hata polisi na karani wa mahakama?

Wazo lenyewe halikutoka hewani. Mwaka 1902 Charles Cooley alikuwa ameeleza kwamba mtu anajijua kupitia wengine kama anayejitazama kwenye kioo: nawaza unanionaje, nawaza unanihukumuje, kisha najisikia fahari au aibu. George Herbert Mead, aliyefundisha Chicago, alikwenda mbali zaidi: nafsi haizaliwi na mtu, inakua kadiri mtoto anavyojifunza kujiweka kwenye nafasi ya wenzake, kwanza katika michezo ya kuigiza, halafu katika michezo yenye kanuni. (Kitabu chake maarufu, Mind, Self and Society cha 1934, kilitoka baada ya yeye kufa, na sehemu kubwa kimekusanywa kutoka madaftari ya wanafunzi wake. Kwa hiyo wewe unayeandika noti darasani, endelea.) Basi kama nafsi inajengwa na macho ya watu, macho ya dharau nayo yanajenga kitu.

Hili lilikuwa geuzo kubwa. Tangu 1876, daktari wa Italia Cesare Lombroso alikuwa akifundisha kwamba wapo watu waliozaliwa wahalifu, na kwamba unaweza kuwatambua kwa taya na fuvu. Tannenbaum alihamisha swali kutoka kwenye fuvu la mshitakiwa hadi kwa wanaomtazama.

Mwaka 1951 Edwin Lemert alilipanga wazo hili vizuri kwa kutofautisha ukengeushi wa kwanza na wa pili. Ukengeushi, kwa maana ya kwenda kinyume na matarajio ya jamii, sote tunao: nani hajawahi kudanganya, kutoroka shule, kuchukua kisicho chake? Huo wa kwanza mara nyingi unapita tu. Wa pili ndio unaokuja baada ya kubandikwa jina, pale mtu anapoyapanga maisha yake kulizunguka jina hilo.

Kisha akaja Howard Becker, aliyepiga piano kwenye baa za Chicago huku akisoma sosholojia, akapata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 23. Aliwahoji watumiaji 50 wa bangi, karibu nusu yao wanamuziki, na kitabu chake cha 1963, Outsiders, kikauliza swali ambalo wengine walilikwepa: kanuni yenyewe ilitungwa na nani? Serikali ya Marekani iliweka sheria ya kodi ya bangi mwaka 1937, baada ya maofisa wake kuipigia debe. Mvutaji hakubadilika usiku ule. Kilichobadilika ni jina lake.

Sasa, ushahidi uko wapi? Mfano ninaoupenda ni wa William Chambliss, uliochapishwa 1973. Aliwafuatilia vijana wa shule moja ya sekondari kwa miaka miwili. Kundi la kwanza, wavulana 8 wa familia zenye nazo, walitoroka masomo, walilewa, waliendesha magari wakiwa wamelewa, waliharibu mali za watu. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa. Walikuwa na magari, kwa hiyo fujo zao walizifanya mbali na nyumbani, na polisi akiwasimamisha walijua kuomba radhi kwa adabu. Kundi la pili, wavulana 6 wa familia maskini, walikaa kijiweni katikati ya mji mbele ya macho ya wote na kujibu kwa jeuri. Wote sita waliwahi kukamatwa. Kwa kipimo cha Chambliss, makosa ya makundi haya mawili hayakutofautiana sana kwa wingi.

Halafu? Wale 8, wote isipokuwa mmoja walikwenda chuo. Kati ya wale 6, wawili waliishia kuhukumiwa kwa mauaji. Lakini wawili wengine walipata ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira, na mji ukabadili namna ya kuwaita. Kwa hiyo jina si hatima. Tannenbaum mwenyewe ni mfano: alipotoka gerezani, wapo waliomsaidia akaingia Columbia, naye akahitimu 1921.

Wapinzani wa nadharia hii wana hoja nzito. Haielezi kwa nini mtu aliiba mara ya kwanza, kabla hajaitwa mwizi. Na aliyechomwa kisu anaumia bila kujali aliyemchoma anaitwaje. Nakubali. Pale nadharia inapokosa mpinzani, kwa maoni yangu, ni pale ambapo jina lenyewe ndilo kosa.

Na hapo hatuhitaji kwenda Chicago. Sheria ya uzururaji ya Uingereza ya 1824 iliwapanga watu kwa ngazi: kwanza mvivu na mkorofi, akirudia ni laghai na mzururaji, akirudia tena ni laghai asiyerekebika. Maneno hayo yalisafiri na wakoloni hadi kwenye kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na kifungu kinachomlenga mtu "anayejulikana kuwa mwizi" asiye na njia ya wazi ya kujipatia riziki na asiyeweza kujieleza vizuri. Soma tena: hakuna kitu alichoiba. Kinachohitajika ni sifa yake mbaya na mfuko mtupu. Kwa kijana aliyetoka kijijini kutafuta kibarua mjini, hilo lilitosha kumlaza rumande, na rumande ikatosha kumpa sifa hiyo kama hakuwa nayo.

Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za aina hii, baada ya kuombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema hazipatani na Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Ikagusa na maneno yenyewe, mvivu, mkorofi, laghai, mzururaji: ni mabaki ya mtazamo wa kikoloni, na kumwita mtu hivyo kunamvunjia utu. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu, kwa hiyo kazi ya kuvifuta vifungu hivyo imebaki kwa mabunge.