Njia Moja ya Tuzo, Hukumu Mbili: Heroini na Kiribatumbo katika Pwani ya Bagamoyo

Katika barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kuanzia Bunju hadi Mapinga, Kerege na Zinga, mwili wa mtu huhukumiwa kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Aliyekondeana, mashavu yakaingia ndani, huitwa teja, na akikaribia kibanda watu hushika mifuko yao. Aliyenenepa baada ya kupata kazi au kuolewa husifiwa kuwa ana afya, ametunzwa. Makala hii inatetea hoja kwamba hukumu zote mbili zimepotoka. Uraibu wa heroini na kiribatumbo hupita, kwa sehemu kubwa, katika njia zilezile za ubongo, na ujuzi huo unatudai tubadilishe namna tunavyowahudumia watu wa aina zote mbili, hasa wale wachache ambao matatizo hayo mawili yanawakuta kwa zamu.

Heroini ilianza kuingia katika miji ya pwani miaka ya 1980, ikitokea Afghanistan. Watumiaji wa mwanzo waliivuta, mara nyingi ikiwa imechanganywa na bangi katika msokoto wa kokteli. Kujidunga kulienea karibu na mwaka 2000, ilipofika heroini nyeupe inayoyeyuka upesi kwenye maji. Uingizaji huo haujakoma: Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Kwa upande wa tiba, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Methadoni ilinywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo mwaka ule wa kwanza mraibu wa Bagamoyo aliyeitaka alikuwa na zaidi ya kilomita 60 za kwenda, na nyingine kama hizo za kurudi, kila siku ya Mungu. Baadaye Bagamoyo nayo ikapata kliniki yake, na nyumba za upataji nafuu zikaongezeka.

Nini hasa hutokea ndani ya ubongo? Heroini ikishaingia hugeuka kuwa mofini na kushika vipokezi viitwavyo mu, ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya afyuni zake wenyewe. Vipokezi hivyo vikishikwa, seli zinazofanya kazi ya breki hulegea, na seli za eneo la tegmenta, katika ubongo wa kati, humwaga dopamini katika kiini kiitwacho nyukliasi akumbensi. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, James Olds na Peter Milner waligundua kwamba panya aliyetiwa waya kwenye maeneo fulani ya ubongo hukibonyeza tena na tena kitufe kinachompa mshtuko mdogo wa umeme. Wengi wakadhani wamekipata kituo cha raha. Utafiti uliofuata ulionyesha jambo zito zaidi. Wolfram Schultz, akipima seli za dopamini za nyani, aliona kwamba mnyama akishajifunza, seli hizo hulipuka kwenye ishara inayotangulia tuzo na kutulia tuzo yenyewe inapofika. Kent Berridge naye akatenganisha kutaka na kufurahia: dopamini husukuma kutaka, na kutaka kunaweza kuongezeka huku furaha ikipungua.

Waraibu wa pwani wanalijua hilo bila maabara. Aliyebwia unga miaka mingi atakwambia kwamba stimu ya siku za mwanzo haipo tena. Sasa anautafuta ili kutoa arosto, yale maumivu ya mifupa, kuhara, kamasi na baridi inayopenya hata adhuhuri ya Februari. Akipita kijiwe chake cha zamani, akaona kipande cha karatasi ya sigara kilichokunjwa kwa namna anayoijua, tumbo humpiga kabla hajawaza lolote. Anayemwambia mtu huyu aache kwa kutia nia, anaidai nia kutoka kwa ubongo uleule uliotekwa.

Sasa tutazame chakula. Jioni katika vituo vya daladala, viazi huchovywa kwenye karai la mafuta yaliyokaangiwa tangu mchana, mayai mawili huvunjwa juu yake kuwa zege, chumvi hunyunyizwa, tomato humiminwa, na soda baridi husindikiza. Wanga, mafuta, chumvi na sukari kwa mkupuo mmoja: mchanganyiko ambao maumbile hayakuwahi kumwandalia binadamu. Homoni ya leptini, iliyogunduliwa na maabara ya Jeffrey Friedman huko New York mwaka 1994, hutoka kwenye mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, na hugusa hata zile seli za dopamini. Kwa mtu mwenye kiribatumbo leptini huwa nyingi, lakini ubongo hauisikii tena vizuri. Mwaka 2010 Paul Johnson na Paul Kenny waliwapa panya soseji, keki na nyama ya nguruwe iliyokaushwa bila kikomo. Vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 vikapungua, na panya walionenepa wakaendelea kula hata walipowashiwa taa waliyofundishwa kuwa inatangulia mshtuko wa maumivu. Ushahidi unaonishawishi zaidi unatoka katika duka la dawa. Naltreksoni, dawa inayofunga vipokezi vya afyuni na kutumika kuwazuia waraibu wasirudi nyuma, iliunganishwa na dawa nyingine, bupropioni, na kuidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya kupunguza uzito.

Tatizo hili si la Ulaya na Marekani pekee. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonyesha kwamba wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 katika utafiti wa 2015–16.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema chakula ni dawa ya kulevya. Mwaka 2001 Gene-Jack Wang na Nora Volkow waliripoti upungufu wa vipokezi vya D2 kwa watu wanene sana, sawa na ule ulioonekana kwa watumiaji wa kokeini, lakini walipima watu 10 tu kila upande, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Mwaka 2025 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwanywesha watu wazima 50 kinywaji kizito cha maziwa, mafuta na sukari, na kwa jumla hawakuona ongezeko kubwa la dopamini kama lile la dawa za kulevya. Tena mraibu anaweza kuacha unga kabisa. Hakuna awezaye kuacha kula. Kisa cha rimonabanti kinatosha kutuonya: dawa hiyo iliyofunga vipokezi vinavyoguswa na bangi iliingia Ulaya mwaka 2006 kutibu unene, na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ya sonona na hatari ya kujiua. Ukiizima njia ya tuzo, unazima na mengine yanayompa mtu hamu ya kuamka asubuhi.

Kwa hiyo faida ya elimu hii iko mahali padogo na pa karibu: kwenye kliniki ya methadoni. Methadoni hushika vipokezi vilevile vya mu, na tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wengi wanaoitumia hupenda sana vitu vitamu na huongezeka uzito. Hapa pwani mama akimwona mwanawe amejaa mashavu hushukuru Mungu, na ana haki, kwani miaka mingi alimwona akiisha kama mshumaa. Kilo za mwanzo ni uhai unaorudi. Lakini zinazozidi, kwa mtu ambaye huenda anaishi pia na VVU, zinaelekea kwenye kisukari na shinikizo la damu, na mfumo mzima unaomzunguka, kuanzia familia hadi wahudumu, unazihesabu kuwa ushindi.

Mazingira nayo yana uzito wake. Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini Vietnam mwaka 1971, na wengi wao waliporudi kwao hawakurudia uraibu. Ishara zilibaki nyuma. Kijana wa Bagamoyo anayetoka nyumba ya upataji nafuu anarudi kwenye mtaa uleule wenye kijiwe kilekile, na akikwepa kijiwe anakaribishwa na karai la chipsi.

Bagamoyo ina kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, kilichoshiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21. Utaalamu wa kuwafuatilia watu kwa miaka, kuwapima na kutunza kumbukumbu upo hapohapo mjini. Naziomba Wizara ya Afya, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya na taasisi hiyo zianze na hatua isiyohitaji fedha nyingi: kila anayepewa methadoni Bagamoyo apimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari siku ya kwanza na kila baada ya miezi mitatu, apewe ushauri wa chakula anachoweza kukinunua sokoni, na takwimu hizo zichapishwe.