Kitabu Kilichorudi Bila Mwenyewe

Vijiji vya Kibaha na Kisarawe, kama Zegereni, vimo katika nchi ya Wazaramo, nchi iliyoingia mapema katika maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu Desturi za Wasuaheli, ambamo maisha ya Mrima yameelezwa kwa urefu: uzazi, jando, harusi, ngoma na uganga, pamoja na habari za Wazaramo na cheo chao cha pazi. Jina la jaladani ni la Carl Velten, mkusanyaji. Lakini sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakasafiri hadi Dar es Salaam, na serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke pwani pamoja kama mume na mke. Wakarejea Ujerumani. Yule aliyetueleza harusi za kwao zinavyofungwa, alifungiwa mlango wa kwao kwa sababu ya ndoa yake. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Kitabu kimerudi, wasifu wa Mtoro nao, alioutunga Ludger Wimmelbücker, ulichapishwa Dar es Salaam mwaka 2009. Mwenyewe hakurudi. Hivyo Desturi si ghala la mila tu. Ni kauli ya mtu aliyenyimwa alichokisimulia. Atakayekinukuu, na aanze kwa jina la Mtoro.