Morfini: la kumwambia mgonjwa kabla ya dozi ya kwanza

Morfini ya maji hupewa mtu mwenye maumivu makali, kama yale ya kansa, kwa kawaida kila saa 4. Sisi tunaotembelea wagonjwa nyumbani tunaona wengine wakiiacha kimya kimya. Maumivu hayajaisha; wamekaa siku 5 bila kwenda choo, nao wanaona haya kusema.

Basi choo ndiyo habari ya kwanza. Usingizi na kichefuchefu mara nyingi hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo kunaendelea muda wote wa dawa. Muuguzi aulizwe dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, tangu siku ya kwanza. Maji na papai vinasaidia, ila havitoshi. Na tusimwulize mgonjwa mambo hayo mbele ya wakwe zake!

Jamaa nao waambiwe: asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Akilala asiamshike, au akipumua polepole mno, asipewe dozi nyingine, apelekwe hospitali mara moja. Aliyeizoea asiiache ghafula. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.